Siku Moja Barabarani, Kasulu Hadi Kibondo

Safari yetu ni kutoka Kasulu kwenda Kibondo, mkoani Kigoma. Kwa hesabu ya watu ilikuwa safari ya siku moja. Sisi ilituchukua siku mbili.

Nitakueleza mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Wakati huo nilikuwa utingo wa lori. Kazi ya utingo unaijua: kupakia, kushusha, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu mlimani, na kusukuma gari likikwama. Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1987. Mvua zilikuwa nyingi.

1. Nchi tunayopita

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika. Huko kuna joto na michikichi. Ukitoka Kigoma kwenda Kasulu unapanda milima kweli kweli. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko juu ya mita 1,200. Ndiyo maana usiku watu wa Kasulu hutafuta blanketi, wakati wenzao wa Ujiji wanatafuta upepo.

Hii ni nchi ya Waha. Hulimwa maharage, mahindi, muhogo, ndizi na kahawa. Kutoka Kasulu barabara hupita Makere, huingia katika misitu ya miyombo, huvuka Mto Malagarasi, kisha hufika Kibondo. Mbele yake iko Kakonko, halafu Nyakanazi. Kutoka Kigoma hadi Nyakanazi ni zaidi ya kilomita 300.

Mto Malagarasi una maajabu yake. Huanzia milimani karibu na mpaka wa Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika. Lakini hauendi ziwani moja kwa moja. Huligeuzia ziwa mgongo, ukaenda mashariki, ukatawanyika katika mabwawa makubwa. Halafu hugeuka tena kuelekea magharibi, na mwisho humwaga maji yake katika ziwa lile lile. Mabwawa hayo yana samaki na ndege wengi. Mwaka 2000 yaliwekwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zinazolindwa, inayoitwa Ramsar. Yalikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuingia katika orodha hiyo.

Sisi tulikuwa tunaufuata mto huo. Lakini kabla ya mto kuna vijito vingi. Mara nyingi kijito ndicho humshinda msafiri.

2. Tulivyojiandaa

Dereva wetu alikuwa mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Sote tulimwita Mzee. Jioni kabla ya safari alinikagulia vifaa kimoja kimoja. Majembe mawili. Panga. Shoka. Mbao nne za kuweka chini ya magurudumu. Minyororo. Jeki. Magurudumu mawili ya akiba. Pipa la maji. Turubai kubwa. Kiberiti ndani ya kopo lenye kifuniko, ili kisilowe.

Halafu chakula. Unga wa muhogo, maharage, chumvi, na migebuka iliyokaushwa. Nilimwuliza, "Mzee, hiki chakula cha siku tatu, sisi tunakwenda siku moja?"

Akajibu, "Siku moja ni ya kwetu. Barabara ina siku zake."

Mzee alikuwa na kitu kingine, daftari dogo lililokunjika pembe. Kila alipofika mahali muhimu alitazama mita ya gari inayohesabu kilomita, akaandika namba. Shule, daraja, mlima, kijiji, vyote viliandikwa. Mimi nilidhani ni mazoea tu ya wazee.

3. Abiria wetu

Tuliondoka Kasulu jogoo wakiwika. Tulibeba magunia ya maharage. Juu ya magunia walikaa abiria kumi na mmoja. Wakati ule mabasi yalikuwa machache, na watu wengi walisafiri hivyo. Leo kupanda juu ya mizigo ni kosa. Usikubali hata ukibembelezwa, maana lori likipinduka anayekaa juu hana pa kushika.

Ndani, karibu na Mzee, alikaa mama mmoja kijana. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi. Mtoto alikuwa mchovu, na mwili wake ulikuwa wa moto kidogo. Mama alisema anampeleka hospitali ya Kibondo, kwa sababu dada yake anaishi karibu na hospitali hiyo.

Juu kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki, na baiskeli yake imefungwa kwa kamba. Kulikuwa na vijana wawili wanaotafuta kazi. Na kulikuwa na Bibi.

Bibi huyu alikuwa mwanafunzi wa kisomo chenye manufaa. Wewe msomaji unajua maana yake, kwa sababu nawe umepita huko. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hapa Tanzania walikuwa hawajui kusoma. Kufikia mtihani ule wa 1975 walibaki 39. Bibi alikuwa mmoja wa wale waliochelewa kuanza, lakini aliyeanza hataki kuacha.

Njia nzima Bibi alisoma. Kila kibao alikisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa. "Ma-ke-re. Makere!" "Shu-le ya ma-si-ngi. Shule ya Msingi!" Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Mahali fulani, baada ya kupita shule, alisoma kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: "Za-ha-na-ti. Ki-lo-mi-ta ta-tu."

Kijana mmoja akamwambia, "Bibi, sisi tunakwenda Kibondo. Zahanati tunaiacha nyuma. Unaisomea nini?"

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimekaa miaka hamsini bila kusoma. Sasa nalipa deni."

4. Msitu wa mbung'o

Baada ya Makere nyumba zilipungua, miti ikaongezeka. Tuliingia katika eneo la mbung'o. Mzee alitwambia tufunge vioo, na walio juu wajifunike nguo za rangi hafifu.

Kwa nini rangi hafifu? Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Tena hufuata kitu kinachokwenda, ng'ombe au gari. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Mbung'o huweza kuleta ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1930 ugonjwa huo ulitisha sana nchi ya Buha, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha watu na kuwakusanya mahali pamoja. Malale huanza kwa homa na kuumwa kichwa, na baadaye mgonjwa husinzia mchana. Ukiwahi hospitali unatibika. Ukichelewa, unaua.

Saa sita tulisimama kupoza injini. Tulikula muhogo wa kuchemsha. Yule mtoto hakula. Alikunywa maji kidogo, akalala.

5. Kijito

Saa tisa mchana mvua kubwa ilinyesha. Tuliteremka mlima mmoja wa udongo mwekundu, gari likiteleza kama samaki mkononi. Chini ya mlima kulikuwa na kijito. Wakati wa kiangazi unakivuka bila kulowesha viatu. Siku ile kilikuwa kimefurika. Maji ya rangi ya chai yalipita kwa kishindo, yakibeba matawi.

Mzee alizima gari. Akashuka, akatazama kwa muda mrefu.

Mfanyabiashara wa samaki alikasirika. "Mzee, twende! Si unaiona barabara pale ng'ambo?"

Mzee akajibu, "Ng'ambo naiona. Daraja silioni."

Daraja la pale lilikuwa la magogo. Maji yalikuwa yamelifunika. Hakuna aliyeweza kujua kama magogo bado yapo. Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji. Maji yaendayo kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima. Yakizidi nusu mita huweza kulibeba gari. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba maji huficha yaliyo chini yake.

Tungeweza kurudi? Hapana. Ule mlima tulioteremka ulikuwa matope matupu. Lori lenye mzigo lisingeupanda mpaka udongo ukauke.

Basi tukapiga kambi. Mzee alichukua kijiti, akakikata alama kwa kisu, akakichomeka ukingoni mwa maji. Kila baada ya saa moja nilikwenda kutazama maji yamefika alama gani. Vijana walifunga turubai kati ya lori na miti miwili. Bibi alichokonoa chini ya gogo lililoanguka, akapata kuni kavu. Tuliwasha moto, tukapika ugali wa muhogo na migebuka. Kwa muda mfupi ilikuwa kama sherehe. Hata yule mfanyabiashara alicheka.

6. Usiku

Kiza kilipoingia, mtoto alianza kutetemeka. Macho yake yaligeuka. Mikono na miguu ilikakamaa. Mama yake alipiga ukelele.

"Degedege!" alisema mtu mmoja. "Hilo si la hospitali. Akichomwa sindano atakufa. Mfukizeni!"

Wengine waliitikia. Mwingine alitaka kumtia kijiko mdomoni. Mama mtoto alitazama huku na huku, hajui amsikilize nani.

Bibi alimchukua mtoto. Alimlaza kwa ubavu, akamlegeza nguo, akawasogeza watu. Akasema, "Mwacheni apate hewa. Darasani tulisoma kijitabu cha malaria. Homa ikipanda sana mtoto hufanya hivi. Anataka dawa. Na zahanati ipo."

"Iko wapi, Bibi? Hapa ni porini!"

"Nimeisoma. Kibao chekundu, baada ya shule. Kilomita tatu ndani. Tulipokuja kilikuwa kulia kwetu. Mkirudi kitakuwa kushoto kwenu."

Hakuna aliyecheka.

Mzee alifungua daftari lake karibu na moto. Alikuwa ameandika namba ya pale shuleni. Akatazama mita ya gari, akatoa. "Kutoka hapa mpaka shuleni ni kilomita tano. Kibao kipo mbele ya shule upande wetu. Hata shuleni hamfiki."

Yule mfanyabiashara wa samaki, bila kuambiwa, alipanda juu akafungua baiskeli yake. "Chukueni," alisema. "Na tochi hii. Betri ni mpya."

Nilikwenda mimi, kijana mmoja, na mama na mtoto. Mlimani tuliisukuma baiskeli, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu. Juu ya mlima mama alipanda nyuma, mtoto mgongoni, nami nikakanyaga taratibu. Kijana alikimbia mbele na tochi, akimulika upande wa kushoto. Degedege lilikuwa limekwisha, lakini mtoto hakulia wala hakujibu mama yake alipomwita. Kimya kile kilinitisha kuliko ukelele wa mwanzo.

Kibao tulikiona. Kilikuwa kidogo, kimeinama, nusu yake imefunikwa na majani. Mimi nilikuwa nimepita njia ile safari nyingi.

Mganga wa zahanati aliamka tulipobisha. Aliwasha taa ya chemli. Alimpima mtoto, akamchoma sindano ya kwinini, akampoza kwa maji ya uvuguvugu, na alipoweza kumeza akampa maji ya sukari kwa kijiko, kidogo kidogo. Halafu sote tulikaa tukingoja. Mama hakuondoa mkono wake kifuani kwa mtoto.

Kabla ya alfajiri mtoto alifumbua macho, akasema neno moja: "Uji."

Mama alilia hapo hapo. Mganga alitoka nje kutafuta kuni.

7. Asubuhi

Mama na mtoto walibaki zahanati kwa matibabu. Mimi na mwenzangu tulirudi na baiskeli. Tulikuta maji yameshuka. Mzee alikuwa amesimama ukingoni na abiria wote. Alininyooshea kidole.

Daraja lilikuwa na magogo saba. Matatu ya katikati yalikuwa hayapo.

Hakuna aliyesema kitu. Mfanyabiashara wa samaki alilitazama lile pengo, akavua shati, akachukua shoka. Tulikata miti mitatu, tukaiburuta, tukaifunga kwa minyororo. Saa saba mchana tulivuka. Jioni tulivuka Malagarasi, na usiku tukaingia Kibondo. Watu waliotupokea waliuliza, "Mbona mmechelewa?" Mzee akawajibu, "Tumefika."

Mtoto yule sijamwona tena. Akiwa hai, ni mtu mzima sasa, na pengine ana watoto wake.

8. Mambo ya kukumbuka

Tangu siku ile mambo mengi yamebadilika. Katika miaka ya 2010 barabara hii ilianza kuwekwa lami, sehemu kwa sehemu. Mwaka 2012 Kakonko ilifanywa wilaya, ikatengwa na Kibondo. Hata dawa zimebadilika. Miaka ile malaria ya kawaida ilitibiwa kwa klorokwini. Vijidudu vikaizoea. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, na tangu miaka ya 2006 na 2007 hutumika dawa mseto. Siku hizi damu hupimwa kwanza, ndipo dawa itolewe.

Lakini mvua hazijabadilika, na vijito bado vinafurika. Kwa hiyo shika mambo haya.

Kwanza, usivuke maji yanayopita juu ya daraja au barabara. Kungoja saa sita si hasara.

Pili, mtoto akipata degedege mlaze kwa ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Usimfukize. Mwahishe penye dawa. Si kweli kwamba sindano humwua mtoto wa degedege. Anayeua ni ugonjwa na kuchelewa.

Tatu, safiri na chakula, maji, kiberiti na nguo ya baridi, hata kama safari ni fupi.

Nne, soma. Soma vibao, soma majina ya vijiji, soma namba. Usione haya kusoma kwa sauti, na usimcheke anayefanya hivyo. Mzee alisoma maji kwa kijiti na njia kwa mita ya gari. Bibi alisoma kibao. Sisi wenye macho makali tuliokuwa na haraka ya kufika, tulikipita kibao hicho kila safari. Elimu yako si ya darasani tu, wala si ya kungoja barua. Huwezi kujua mapema ni neno lipi ulilosoma litakalohitajika usiku.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini Mzee alikataa kuvuka kijito ingawa aliona barabara ng'ambo?
2. Daftari la Mzee na kibao alichosoma Bibi vilisaidianaje?
3. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya degedege? Ninyi mtawaambia nini?
4. Je, zahanati yenu ina kibao barabarani? Kinasomeka usiku? Kama hakipo, nani atakiandika, na lini?